Mteja wa Mtandaoni Hana Pua, Mnusie Wewe

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri. Linahusu pua, mikono, masikio na ulimi. Mteja anavitumia vyote akiwa sokoni, na sisi tunaouza kwa simu tumemnyang'anya vyote tukamwachia macho tu. Tena macho yenyewe tumempa picha moja iliyopigwa usiku chini ya taa ya njano.

Mimi nipo Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Nauza mchele, asali, mafuta ya alizeti na mlenda mkavu. Wateja wangu wengi wapo Dodoma na Dar es Salaam, na wengi wao hatujawahi kuonana. Mwalimu wangu mkubwa wa kuuza mtandaoni ni watu wasiohangaika na mtandao hata kidogo, yaani akina mama wanaonunua mchele pale sokoni.

Hebu siku moja kaa karibu na muuza mchele, usiseme kitu, tazama mikono. Mama akifika hachukui mchele wa juu. Anazamisha mkono mpaka kiwiko, anachota wa chini kabisa, kwa sababu anajua wa juu umepangwa kwa ajili ya macho yake. Anaumwaga kwenye kiganja cha pili kutoka juu kidogo, anausikiliza. Mchele mkavu unachakarika, wenye unyevu unadondoka kimya kama mchanga uliomwagiwa maji. Anapuliza, vumbi na pumba zinaruka. Anachambua kwa kidole gumba: chenga ngapi, jiwe lipo au halipo. Anatia punje moja mdomoni anaing'ata kwa meno ya mbele. Ikivunjika "ka!" anatikisa kichwa, ikibonyea kama ufizi anarudisha. Mwisho anasogeza kiganja puani, anavuta pumzi taratibu huku amefumba macho. Hapo ndipo anauliza bei.

Umeona? Bei imekuja mwisho. Sisi mtandaoni mteja anaanza na "bei gani?" halafu tunalalamika kwamba wateja wa siku hizi wanajua bei tu. Kwani tumempa kitu gani kingine cha kuuliza?

Na msidhani yule mama anapata shida. Anafurahia. Soko ni starehe ambayo hailipiwi kiingilio. Unapita kwenye asali, muuzaji anakudondoshea tone mgongoni mwa mkono, unalamba. Unapita kwenye ubuyu, unamumunya punje moja, ukali wake unakukunja uso, na mate yanakujaa hata kama ulikuwa umeshiba. Kwenye karanga za kukaanga harufu inakukuta kabla hujaona sinia. Kwenye alizeti mtu anachovya kidole kwenye dumu, anakisugua na kidole gumba kuona kama mafuta ni mazito, ananusa. Kuku wa kienyeji anashikwa kifua, anapimwa uzito kwa mkono, anapulizwa manyoya kuangalia ngozi. Mtu anakwenda kununua chumvi anarudi na kapu. Ile raha ndiyo iliyomuuzia.

Sasa turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana hapa ndipo lilipo somo lenyewe. Zamani sehemu nyingi duniani, dukani hukushika kitu. Unasimama kaunta, unataja, muuzaji anakuletea. Mwaka 1916, mji wa Memphis kule Marekani, bwana mmoja anaitwa Clarence Saunders alifungua duka lake la Piggly Wiggly, mteja akaruhusiwa kuingia ndani, kupita kwenye rafu na kuchukua mwenyewe. Hapo ndipo ilipoanzia supamaketi unayoijua leo. Wengine wakaenda mbali zaidi. Maduka makubwa ya Wamexico huko huko Marekani, mengi yanaoka zile chapati zao za mahindi, tortilla, ndani ya duka, na pilipili kavu wanaziweka wazi mteja achague kwa mkono wake. Mtu aliyehama kwao anaingia mlangoni, harufu ya mahindi ya moto inampokea, ameshafika nyumbani kabla hajachukua kikapu. Sisi huku hatukuhitaji kufundishwa hilo. Soko letu lilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Ila sisi pia tunalo duka la kaunta, nalo ni duka la Mangi. Nondo dirishani, mteja yupo nje, anaonyesha kwa kidole: "Mangi, nipe ule mchele wa kulia." Hashiki, hanusi. Lakini Mangi mzuri anafanyaje? Anachota kidogo, anakupitishia kwenye nondo: "Angalia mwenyewe." Au anakwambia ukweli: "Huo chukua wa pishori tu leo, ule mwingine umeingia mawe." Mangi anayekwambia hivyo humhami hata mwenzake akifungua duka jirani akakushushia bei.

Ndugu yangu, ukiuza kwenye simu, wewe ni duka la Mangi. Kioo cha simu ndiyo nondo. Mteja yupo upande wa pili, mikono yake haifiki, pua yake haifiki. Kwa hiyo kazi yako siyo kuonyesha bidhaa tu. Kazi yako ni kuishika kwa niaba yake, kuinusa kwa niaba yake, kuing'ata kwa niaba yake, halafu umwambie ulichokuta, chote, pamoja na kile ambacho hakikupendezi.

Nitoe mfano mmoja. Kuna mama yupo Dar es Salaam, mtu wa huku kwetu Ugogoni, aliniona kwenye status ya mtu mwingine. Mlenda mkavu, mnaujua: majani yanakaushwa, yanatwangwa, ukipika unateleza. Hakuuliza bei wala usafiri. Alituma ujumbe wa sauti wenye swali moja: "Mwanangu, huo mlenda wako una mchanga?"

Mtu ambaye hajakulia kwenye mlenda hawezi kuelewa uzito wa swali hilo. Majani yakianikwa chini, upepo wa huku unayajaza mchanga, na ukishatwanga mchanga hautoki tena. Unapika mboga nzuri, unaweka karanga, watoto wanakaa, tonge la kwanza tu "kra" kwenye jino, chakula kimekwisha. Ningeweza kumjibu "hapana mama, ni safi kabisa". Kila muuzaji angejibu hivyo, na yeye anajua kila muuzaji angejibu hivyo. Nikachukua simu, nikawasha video. "Shikamoo mama. Subiri kidogo." Nikachota kijiko, nikakoroga kwenye glasi ya maji, nikaacha utulie, nikainua glasi nikamwonyesha chini yake mbele ya dirisha. Halafu nikatia mlenda kidogo mdomoni nikausaga kwa meno karibu na simu. "Mama, sijasikia mchanga. Tunaanika juu ya chanja, siyo chini." Video nzima haikufika dakika moja. Akanijibu, "Marahaba baba, nitumie kilo mbili," na baada ya wiki tatu akaleta dada yake.

Somo la hapo ni hili: mteja akiuliza swali la ulimi, mjibu kwa ulimi. Akiuliza swali la pua, nusa hapo hapo. Usimjibu kwa sifa. Maneno kama "bora", "halisi", "asilia asilimia mia", "premium" hayana harufu. Yameandikwa kwenye bidhaa nzuri na mbovu mpaka yamechakaa, mteja anayaruka kama anavyoruka tangazo.

Maneno yenye harufu utayapata wapi? Sokoni, bure kabisa. Mimi nina kadaftari. Nikisikia mteja amesema kitu cha kueleza bidhaa naandika vile vile alivyosema. Mchele "unachambuka" au "unashikana". Mchele "unakunywa maji", yaani unaongezeka sufuriani. Asali "inakereketa koo". Mafuta "yanaruka" yakipata moto, maana yake yana maji ndani. Hayo siyo maneno ya darasani, ni maneno ya mtu mwenye njaa, na mwenzake mwenye njaa akiyasoma anaelewa papo hapo.

Tazama tofauti. Maelezo ya kawaida: "Mchele safi wa kunukia, grade one, bei poa, karibuni wote." Sasa soma haya: "Mchele wa majaruba ya bonde la Bahi, wa msimu huu. Nimezamisha mkono katikati ya gunia, kiganja kimoja nimehesabu chenga 9. Kilo moja nimechambua nimekuta mawe 2, kwa hiyo upepete kabla ya kuosha. Ukichemka harufu inatoka mpaka mlangoni. Ni mpya, punguza maji kidogo la sivyo utashikana." Huyu wa pili amekutajia mawe! Ndiyo, na ndiye atakayeuza, kwa sababu mtu anayekutajia mawe mawili unaamini pia anachosema kuhusu harufu. Ila uhesabu kweli. Mteja naye ana macho na ana kilo moja ya kuchambua.

Hapo kwenye mchele mpya na wa zamani niongeze kitu, maana wauzaji wengi wanaficha bila sababu. Harufu ile ya mchele wa kunukia inaletwa na kemikali ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotoa harufu kwenye bisi za mahindi. Ndiyo maana mtu akifungua sufuria anasema "unanukia kama bisi", hajakosea. Harufu hiyo inapungua mchele ukikaa muda mrefu. Lakini mchele uliokaa unapikika kwa kuchambuka vizuri na unakunywa maji mengi zaidi. Kwa hiyo siyo kwamba mmoja mzuri na mwingine mbaya. Mama wa nyumbani anayetaka wali unukie anataka mpya. Mama ntilie anayetaka sahani zijae na wali usishikane, mara nyingi anataka uliokaa. Ukiwaeleza wote wawili umeuza magunia yote mawili. Ukificha, utamuuzia kila mmoja asichokitaka.

Tuje kwenye sauti. Hapa nina ugomvi na nyie. Mtu anarekodi video ya karanga zinakaangwa, nzuri kabisa, halafu anaweka wimbo juu yake! Umeziba kitu pekee ambacho simu inaweza kumpelekea mteja karibu kama kilivyo. Simu haipeleki harufu, haipeleki ladha, lakini sauti inapeleka. Mwaka 2004 watafiti wawili, Massimiliano Zampini na Charles Spence, walichapisha jaribio moja. Waliwapa watu krispi za viazi wazing'ate huku wamevaa spika za masikioni zinazowarudishia mlio wa krispi zenyewe. Mlio ulipoongezwa ukali, watu walisema krispi ni ngumu zaidi na ni mbichi zaidi kutoka kiwandani, wakati krispi zilikuwa aina moja. Sikio lilikuwa linaonja. Kwa hiyo zima muziki. Sogeza simu kwenye kikaango, sogeza kwenye mchele unaomwagwa, kwenye kitunguu kinachotua kwenye mafuta ya alizeti. Subiri jogoo wa jirani anyamaze, rekodi sekunde kumi na tano, inatosha. Usiongeze mlio kwa programu lakini. Huo utakuwa ni utapeli, na utafika siku mteja atang'ata karanga yenyewe.

Mikono nayo ina utafiti wake. Joann Peck na Suzanne Shu mwaka 2009 walionyesha kwamba mtu akishika kitu, kukishika tu, anaanza kukihisi kama ni chake. Kila mmachinga anajua hilo, ndiyo maana anakwambia "shika tu dada, kushika siyo kununua". Na mwaka 2013 Peck na wenzake walionyesha kwamba mtu akifumba macho akafikiria anakishika kitu, hisia ya umiliki inapanda pia. Maana yake kwa sisi ni kwamba onyesha mkono. Picha ya gunia limekaa peke yake ukutani haina pa kushika. Picha ya mkono wenye mchele, ya vidole vinavyovuta kitenge, ya kidole kinachoteleza juu ya mafuta, hiyo mteja anaingia ndani yake.

Wauza nguo, hili ni lenu hasa. Kitenge kipya ni kigumu kwa sababu ya wanga, kikifuliwa kinalainika na wakati mwingine kinaonekana chembamba kuliko mteja alivyotegemea. Mwambie mapema, tena ikiwezekana fua kipande kimoja umwonyeshe viwili kwa pamoja. Vuta kitambaa mbele ya kamera kionekane kama kinavutika. Kiweke juu ya mkono wako kwenye mwanga tuone kama vidole vinaonekana upande wa pili. Mitumba fua au anika kabla ya kutuma, ile harufu ya belo inamwambia mteja "nimevaliwa" kabla hajaona jinsi nguo ilivyo nzuri.

Rangi sitakaa sana. Piga picha mchana, kivulini, siyo juani saa saba ambapo kila kitu kinakuwa cheupe. Weka kitu ambacho kila mtu anakijua rangi na ukubwa wake, sahani nyeupe, sarafu, kiberiti. Mchele juu ya sahani nyeupe hauwezi kudanganya.

Asali sasa. Huku Manyoni tuna asali na tunajivunia, lakini hii ndiyo bidhaa inayogombanisha watu kuliko zote mtandaoni. Kuna mteja aliwahi kunipigia amekasirika, amepokea dumu, asali imeganda chini kama sukari. "Umenichanganyia sukari, rudisha hela yangu." Nilimwelewa, maana kwa macho inafanana kabisa. Lakini kuganda ni tabia ya asali. Sukari ya asili iliyomo ndani yake inajitenga na kuwa chembe chembe, hasa baridi ya mwezi wa sita na wa saba inapofika. Nilimwomba awashe video, aweke dumu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, asichemshe. Baada ya muda ikayeyuka ikarudi kama mwanzo. Alibaki mteja wangu. Siku hizi naandika kwenye kila dumu: "Nikiganda, niweke kwenye maji ya vuguvugu." Mtu anacheka anaposoma, na hapigi simu kwa hasira.

Na zile njia za kupima asali kwa kiberiti, kwa sisimizi, kwa tone kwenye glasi ya maji, msizitumie kama uthibitisho kwenye kurasa zenu. Njiti ikikataa kuwaka inaweza kukwambia kuna maji mengi, basi, haikwambii kama kuna sukari. Mweleze mteja vitu unavyovijua: imerinwa wapi, mwezi gani, imechujwa kwa kitambaa au kwa mashine, inanukia moshi au hainukii. Kama ni asali ya nyuki wadogo wasiouma, mwambie kabla kwamba ni nyepesi na ina uchachu, la sivyo atadhani imeharibika.

Halafu vipimo, maana macho yanadanganyika hapa kuliko sehemu nyingine. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo dumu la lita 5 ni kama kilo 7. Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji: lita moja ni kama gramu 920. Anayekuuliza "asali kilo bei gani" na anayekuuliza "lita bei gani" wanauliza vitu viwili tofauti, ukiwajibu bei moja mmoja wenu ameumia. Debe na sado ni vipimo vya ujazo, uzito wake unabadilika kwa kila nafaka. Mtandaoni uza kwa kilo, weka mzigo juu ya mizani, piga picha namba zikionekana.

Nimesema sana kuhusu pua, sasa niseme pale pua inaposhindwa, na hapa naomba mtu asiruke. Karanga na mahindi vinaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wakati mazao hayakukaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi nyeusi au ukungu, itoe, usiuze, usimpe mtu ale. Lakini hata ile inayoonekana nzuri, sumukuvu huioni, huinusi, na kupika hakuiondoi. Inajulikana kwa kupimwa maabara. Kwa hiyo usithubutu kuandika "haina sumukuvu, nimeionja". Andika ulichofanya: zimekaushwa juu ya turubai siyo chini, zimechambuliwa kwa mkono, zimehifadhiwa juu ya chaga, ghala halivuji. Ukipata mteja mkubwa wa jumla, mkubaliane gharama ya kupima. Duka likifa unafungua lingine. Hili ni suala la watoto wa watu.

Kwa wateja wa magunia, tuma sampo. Watu wanaogopa sampo kwa sababu ya gharama, basi piga hesabu. Tuseme faida yako kwa kilo ni shilingi 300, mteja kachukua kilo 20, faida ni 6,000. Mzigo ukikataliwa, nauli ya kwenda na kurudi tuseme 10,000. Umeshakula mtaji. Gramu 100 za sampo zingemwambia pua yake mapema. Mimi nafunga pakiti mbili kutoka gunia lile lile, naandika tarehe, moja inaenda kwake na moja inabaki kwangu. Mzigo ukifika akasema "siyo ule", tunafungua zote mbili kwenye video tunaangalia. Sampo ya bure simpi kila anayeuliza. Anayetaka kilo mbili namtumia video, anayetaka gunia namtumia sampo.

La mwisho ni usafiri. Mizigo yangu mingi inapanda mabasi ya barabara ya Dodoma, hapa Kintinku yanapita. Nilizoea kuuliza mteja akipokea, "umefika salama?" Anajibu ndiyo, mazungumzo yameisha, sijajua kitu. Sasa hivi nauliza: "Ulipofungua ulinusa nini?" Wengi wananipa maneno mazuri ya kuweka kwenye daftari. Lakini mmoja wa Mwanza alinijibu neno moja: "Sabuni." Mchele niliufunga safi kabisa, ila kwenye buti la basi ulikaa na katoni za sabuni ya unga njia nzima, na mchele unanyonya harufu ya jirani yake haraka sana. Tukauanika kwa maelekezo ya simu, kwenye chekeche, kivulini penye upepo, harufu ikapungua, nikampunguzia bei kwenye oda iliyofuata. Toka siku hiyo mchele wangu unavaa nguo mbili: mfuko mzito wa nailoni ndani, umefungwa kwa kamba mpaka hewa imetoka, halafu kiroba nje. Asali na mafuta nafunga peke yake, mfuniko juu, na nje naandika kwa maka nyekundu, herufi kubwa, CHAKULA, USIWEKE NA SABUNI WALA PETROLI. Kondakta nampigia simu kabla hajafika, namwambia aniwekee sehemu ya juu.